Kwa Latifu, Kuhusu Mapipa ya Buluu

Kamembe, Rusizi
Jumanne, 9 Septemba 2025

Mpendwa kaka yangu Latifu,

Assalaam alaykum. Hujambo wewe, na wifi yangu Chloé hajambo? Jolie ameingia darasa la ngapi mwaka huu? Mwambie shangazi yake bado anangoja ile picha aliyoahidi kunichorea. Huko kwenu najua baridi inaanza kuingia, jifunikeni vizuri. Afya yako nakuuliza kwa moyo kabisa, si kwa mazoea ya barua, na nataka unijibu neno kwa neno.

Sisi huku tunaamka. Mvua zimeanza wiki iliyopita, mapema kidogo, na mume wangu Hamdani hashiki chakula mchana kwa kazi. Unajua fundi wa mabati msimu huu: Kamembe nzima inakumbuka mifereji ya paa siku maji yanapoingia chumbani. Mama magoti yanamsumbua akipanda ngazi, lakini sauti yake ni ile ile, hata muuza ndizi wa barabara ya chini anaisikia.

Mtoto wetu Teta ametimiza mwaka na mwezi mmoja. Anatembea kwa kushika ukuta, akifika mwisho wa ukuta anakaa chini na kulalamika kama mtu aliyedhulumiwa. Bado ananyonya. Nilinuia kumfikisha miaka miwili kamili, kama Mama alivyotunyonyesha sisi wote.

Barua hii itakufikia mkononi mwa Micheline, mdogo wake Maman Nzigire, jirani yetu mzaliwa wa Bukavu aliyekuwa akiuza juisi pale mpakani. Unamjua Micheline vizuri kuliko ninavyomjua mimi, maana mnafanya kazi kiwanda kimoja. Nimekupigia simu mara sita hukushika. Ujumbe wangu umeusoma, alama zile mbili zimegeuka buluu mbele ya macho yangu, halafu kimya. Basi nimechukua kalamu kama marehemu Baba alivyokuwa akifanya, na Micheline ameniapia kwamba hataondoka mlangoni kwako mpaka uifungue.

Habari ya kwanza ni ya furaha. Ciza, kifungua mimba wa Maman Nzigire, ameoa. Arusi ilikuwa Jumamosi tarehe 23 Agosti, na Micheline alikuja kwa ajili hiyo. Ilikuwa arusi ya kueleweka. Watu walitoka Bukavu, wengine Nyakabuye, wengine Bugarama na magunia ya mchele kichwani. Mama alivaa kile kitenge chako cha zambarau na akakaa mbele kama yeye ndiye mzaa bwana arusi.

Sasa nikupeleke uani kwa Maman Nzigire, siku moja kabla ya arusi. Maman Nzigire alikuwa ameandaa juisi ya mananasi na tangawizi ya wageni wote, na ilikuwa ndani ya pipa la buluu. Lile pipa lako la pili ulilotutumia kutoka Ulaya, Latifu. Mama alimpa mwaka 2022 kwa mapenzi, kwa sababu alimwona akihangaika na ndoo ndogo ndogo. Kwa miaka mitatu mwanamke huyo ameloweka maganda ya nanasi ndani ya pipa hilo, na juisi yake imenywewa na wapita njia wote wa mpaka.

Micheline aliingia uani na glasi mkononi, akacheka na watu, akainama achote. Akaona pipa. Nilikuwa nimesimama karibu, nikamwona akirudisha glasi polepole mezani kama kitu cha moto. Akamuuliza dada yake, "Hii pipa ulitosha wapi?" Maman Nzigire akasema ni zawadi ya kwa Mama Latifu. Micheline akaweka mikono kichwani, akalia kwamba pipa ni la kiwandani kwenu. "Maman! Hii njo ya ku usine yetu. Mu hii pipa habawekake kitu ya kukunywa!"

Halafu akanigeukia mimi, na maneno yake kuhusu siku mliyotolewa damu bado yako masikioni mwangu. "Latifu hakubaambiaka? Balitutosha damu siku moja. Yeye njo alikuwa mbele yangu."

Nilijibu nini? Nilicheka, kaka. Nilicheka kwa sababu nilidhani anamsema Latifu mwingine.

Micheline alituketisha akatueleza. Juisi ilimwagwa kwenye shimo la takataka, arusi ikanyweshwa soda, na watu wakasema Maman Nzigire siku hizi anajidai. Hakumweleza mtu sababu siku ile, alitabasamu mpaka jioni. Mimi nisingeweza.

Nitakuandikia alivyotueleza, ili usije ukaniambia kwamba sikuelewa. Mapipa yale yalibeba dawa ya povu la kuzimia moto, ile mnayoitengeneza kiwandani kwenu. Ndani yake mna kemikali za kutengenezwa na watu, zinaitwa PFAS, herufi nne tu. Haziozi. Ukichemsha maji, maji yanapungua zenyewe zinabaki. Moto wetu wa makaa hauziwezi, udongo hauzili. Zikiingia mwilini zinakaa kwenye damu miaka na miaka, na mama anazipitisha kwa mtoto akiwa tumboni na tena kwenye maziwa.

Niliposikia hilo la mwisho nilimvua Teta titi mdomoni, pale pale, mbele ya watu. Alilia mpaka akatapika.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikirudi nyuma mwaka kwa mwaka. Pipa la kwanza lilifika mwezi wa tatu 2021, kabla ya Ramadhani, limejaa nguo, viatu, sabuni na ile chokoleti iliyoyeyuka njiani. Tulilitoa vitu, tukalijaza maji, na maji yakatoa povu. Tukamwaga, tukajaza tena, povu tena. Mama alifurahi! Alisema sabuni ya Ulaya haiishi, na akakataza maji yale yamwagwe bure. Tulifulia mazulia ya nyumbani, kisha Mama akajitolea kufua na mazulia ya msikiti, na watoto wa mtaa wote wakaja kuruka kwenye povu. Mimi nilipiga picha, na nilikutumia. Wewe ulinijibu kwa vile vichwa vya kucheka machozi.

Wiki ya pili povu likaisha. Kwa akili zetu, pipa limetakata. Nani angefikiri vinginevyo? Sisi chombo tunakijua kwa povu: sabuni ikiisha, chombo ni safi. Hamdani akatoboa chini akaweka bomba, akaunganisha mfereji wa paa, na siku ambazo maji ya mtaa hayatoki tukawa tunakunywa kutoka kwa Latifu. Ndivyo tulivyosema, "nenda uchote kwa Latifu."

Na kosa letu nalikiri, sitaki ubaki na jibu mfukoni. Kulikuwa na karatasi iliyobandikwa ubavuni yenye alama nyekundu, mchoro wa samaki aliyekufa na mti mkavu. Tuliuona. Mama akasema sisi si samaki. Hamdani akaikwangua, akapaka rangi nyeupe na kuandika jina lako kwa herufi kubwa, kwa ombi la Mama.

Lakini kabla ya kunywa tulikuuliza, Latifu! Ndiyo kitu kinachonichoma. Nilishika simu mimi mwenyewe, nikaiweka sauti kubwa ili Mama asikie, akakuuliza kama pipa linafaa kwa maji. Ukajibu, "Mulioshe tu na majivu, Maman. Ni sabuni ya povu njo ilikuwa mo." Nakumbuka hata kelele za magari nyuma yako.

Mwaka 2021 labda hukujua. Nakuachia huo. Nimezunguka na jambo hili siku kumi na nane na nimeamua kukuachia 2021 na hata hilo la Maman Nzigire. Micheline anasema wafanyakazi walitolewa damu mwezi wa kumi 2022, na majibu yalisomwa kwa kila mtu peke yake na daktari mezani. Anasema mliambiwa msile mayai ya kuku wanaofugwa karibu na kiwanda, na kwamba wewe ulirudi nyumbani ukawachinja kuku wako wote ukawafukia. Anasema bustani ya wifi mliacha kuila. Hayo ni maneno yake, na kama amenidanganya nitaomba radhi kwa Mungu kwa kukusingizia.

Pipa la tatu lilifika Desemba 2023.

Hesabu mwenyewe miezi. Ulikuwa na majibu ya damu yako ndani ya kabati, kuku wako wakiwa chini ya udongo, na wewe unakunja mashati, unayapanga kwenye pipa lile lile la buluu, unafunga kifuniko na kuandika anwani ya mama yako. Kwa Jolie ulikataza yai. Kwetu ulituma pipa zima. Kama hili si usaliti, nitafutie jina lake, wewe uliyesoma.

Hilo la tatu Hamdani alilikata katikati kwa msumeno. Nusu moja tulipanda mboga za lengalenga, nusu nyingine ikawa beseni la kumwogeshea Teta tangu siku ya saba. Hamdani amepigwa na jambo hili kuliko anavyosema. Juzi nilimkuta amekaa mbele ya zile nusu mbili, nikamwambia njoo ule, akasema, "Mi njo niliweka bomba," basi. Nilimwambia yeye aliweka bomba kwa mkono wake, lakini hakuwa na karatasi ya daktari.

Nilienda hospitalini na Teta mgongoni. Daktari aliyetupokea ni binti mdogo, lakini alinisikiliza mpaka mwisho na hakunicheka. Alisema tuache maji hayo mara moja. Alisema nimrudishie mtoto titi, kwamba faida ya maziwa yangu bado ni kubwa kuliko hofu yangu, nikalia kwa shukrani na kwa hasira pamoja. Alisema watafiti wamehusisha kemikali hizo na mafuta mengi kwenye damu, na ugonjwa wa tezi ya shingo, na saratani za aina fulani, na watoto kuzaliwa wadogo, na chanjo kutoshika vizuri mwilini.

Teta alizaliwa na kilo mbili na gramu mia moja. Unakumbuka, ulitania kwamba nimezaa paka. Nilimuuliza daktari kama ni kwa sababu ya pipa. Akasema hawezi kusema ndiyo na hawezi kusema hapana, na hapa kwetu hakuna mashine ya kupima damu kwa kitu hicho. Basi hivyo ndivyo nilivyo sasa. Nikimnyonyesha mwanangu namtazama usoni na sijui ninampa nini, na huenda nisijue mpaka nife.

Kitu kimoja daktari alikiomba: jina kamili la dawa iliyokuwa ndani. Kila pipa linakuwa na karatasi yake huko kiwandani, Micheline anasema, lakini yeye ni mfagiaji wa ofisi na hawezi kuingia ghalani. Wewe unaweza. Nataka karatasi hiyo. Nataka pia majibu ya damu yako, namba zote, ili daktari aone mtu aliyeishi na kitu hicho amefikia wapi. Usinitumie maneno ya kunituliza, tafadhali. Tuma picha ya karatasi.

Najua utasema mlikatazwa kuchukua mapipa na ungefukuzwa kazi kama ingejulikana. Micheline ameshaniambia. Utasema hukutaka kumtia Mama presha. Utasema hata watu wa Ulaya wanakunywa maji yenye vitu hivyo na wanaishi. Yote hayo nimeyasema mimi kwa niaba yako, nikiwa nafua, nikiwa napika, nikikutetea mbele yangu mwenyewe kwa sababu wewe ni kaka yangu, na kila mara nimefika kwenye Desemba 2023 nikakwama.

Kuhusu kuyatupa mapipa, usidhani ni rahisi. Hamdani alitaka kuyachoma, Micheline akakataa, moshi nao ni sumu. Kuyazika hapana. Kuyamwaga bondeni, bonde letu unalijua linaishia wapi, ziwani, na watu wa chini wanaoga humo na wanavua sambaza, wale samaki wadogo tunaowala sote. Nimeenda ofisi ya serikali ya sekta yetu, afisa wa mazingira ameandika kwenye daftari na kusema atauliza Kigali. Kwa hiyo nusu mbili za pipa la tatu na lile la Maman Nzigire vimefunikwa na turubai nyuma ya jiko, vimefungwa kamba, na lengalenga nimeing'oa yote.

Maman Nzigire nilimpelekea pole mimi mwenyewe, maana zawadi ilitoka mlangoni kwetu. Nilijiandaa kutukanwa, na nilikuwa tayari kunyamaza. Ameacha juisi kabisa, anauza maandazi sasa, na wateja wake wa mpakani wanamuuliza kila siku kuna nini. Alinishika mkono akauliza, "Na Teta, angali ananyonya?" Hilo tu. Mwanamke aliyepoteza kazi yake kwa pipa lako alimuulizia mtoto wangu, na wewe mjomba wake hujajibu hata ujumbe.

Sasa nimefika kwenye jambo lililonifanya nikae chini niandike, na ukiwa umechoka kusoma, soma hapa.

Pipa la kwanza bado lina maji. Unajua liko mlangoni kwa Mama, chini ya paa la chumba chake. Hamdani alipoung'oa mfereji ili mvua isiingie tena, Mama alimwita fundi mwingine akaurudisha, tena akasema mkwe wake ana wivu. Nilipotaka kulimwaga alileta kigoda akakaa mbele yake na tasbihi yake, asubuhi mpaka adhuhuri, na magoti yale. Nifanye nini? Nimsukume mama yangu?

Nimemweleza yote kuhusu dawa. Micheline amemweleza. Daktari nilimpigia simu akamweleza, Mama akamshukuru kwa heshima akakata. Sisi sote tuna jibu moja kutoka kwake: "Kama ingekuwa mubaya, Latifu angeniambia."

Umeona kimya chako kinafanya kazi gani? Yeye anakitumia kama cheti. Kila siku usiyosema anapata ushahidi mpya kwamba maji ni mazuri. Anachota ya udhu, anachota ya chai, na kikombe kimoja anakunywa baridi kabla ya kulala kwa sababu anasema yanamkumbusha mwanawe. Ana miaka sabini na moja, na vipimo vya mwezi uliopita vimeonyesha mafuta mengi kwenye damu yake, mwanamke ambaye mafuta ya kupikia anayapima kwa kijiko. Inawezekana ni umri tu. Daktari naye hajui.

Kitu kimoja sijamwambia: kwamba ulijua. Nimeshindwa. Nilifungua mdomo mara mbili, nikaona anavyolipangusa lile pipa kwa kitambaa, nikaufunga. Na hata nikimwambia hataniamini mimi, atakuamini wewe. Ni mdomo wako peke yake utakaomtoa kwenye yale maji. Ukisema, utapoteza ile sura anayokuonea, najua, na utaisikia sauti yake ikibadilika kwenye simu. Usiposema, atakunywa. Chagua, lakini ujue safari hii ninakutazama ukichagua.

Mpigie Ijumaa baada ya sala. Usimpigie mimi nikiwepo ukaniachia niseme. Mwambie wewe, tangu mwanzo, na kuku ukiwataja itakuwa vizuri.

Nisalimie Chloé na umkumbatie Jolie. Hamdani anakusalimu, japo nilimlazimisha. Maman Nzigire anakusalimu bila kulazimishwa. Teta hajui kusalimu bado, anapunga mkono kwa kila mtu. Mwenyezi Mungu akulinde na kila lililo ndani ya damu yako, na aulainishe ulimi wako kabla ya Ijumaa.

Mimi dada yako, ninayekupenda bado na sijakusamehe,

Gasaro

Mama ameniona naandika, amekuja kusimama nyuma yangu na kikombe mkononi. Hasomi bila miwani. Anasema nikuandikie kwamba hajambo, na kwamba maji yako ni matamu mwaka huu.